Kisu ni Chako, Neno Si Lako

Mjomba alinolea kisu nyumbani, si machinjioni. Jioni kabla ya siku ya kazi alikaa nyuma ya nyumba ya Bibi, huku Naipingo, kinoo kati ya magoti yake na kikopo cha maji pembeni, akanoa bila haraka. Alisema mbuzi anaijua sauti ya kinoo. Sijui kama ni kweli. Ila niliwahi kumwona mbuzi akigeuza masikio kisu kikinolewa mbele yake, halafu akaacha kutafuna, na tangu siku hiyo sijathubutu kusema si kweli.

Mjomba ni kaka wa mama, tumbo moja. Mama alibatizwa misheni alipokwenda kuolewa na baba, na sisi watoto wake tukabatizwa. Mjomba akabaki Mwislamu kama baba yao na kama Bibi, mama yao. Nyumbani hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Krismasi alikuja kwetu, Idi tulikwenda kwake, na siku zote mbili mchinjaji alikuwa yeye. Kwetu mnyama wa shughuli anachinjwa na Mwislamu, ili asipatikane jirani wa kukaa mbele ya sahani na asile. Hata kwenye arusi ya kanisani, padri akiwa amekaa kivulini anasubiri pilau, aliyekuwa uani na kisu ni mjomba.

Tena sisi ni Wamwera, na mtoto wa dada ndiye anayemrithi mjomba wake. Shamba, mikorosho, na ufundi kama anao. Mimi nilikuwa mpwa wake wa pekee wa kiume. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisitoke miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari, mama alinifunga nguo kwenye mfuko akanipeleka kwake.

"Huyu wako," alimwambia.

Mjomba aliitazama mikono yangu, hakunitazama usoni. Nilifurahi, kwa sababu tangu utotoni sipendi kutazamwa usoni.

"Anaongea?" akauliza.

"Kidogo."

"Basi wanyama watampenda."

Ndivyo nilivyoanza kumshikia wanyama. Alikuwa akichinja kule Namungo, upande wa Ruangwa, kwa wenye bucha wanaowalisha wachimbaji wa dhahabu. Tulipanda bodaboda kukiwa bado na umande, kisu kimefungwa kwenye kitambaa ndani ya kikapu. Machinjio yenyewe yalikuwa sakafu ya saruji na paa la bati, na mjomba alikuwa ametundika turubai kuukuu katikati, ili mbuzi anayengoja asimwone mwenzake. Wenye bucha walimcheka kwa lile turubai. Walimwita "daktari". Mmoja alizoea kupiga hodi kabla ya kupita: "Hodi, daktari, mgonjwa wa pili aingie?" Mjomba alijibu, "Aingie, ila wewe baki, una kelele."

Alinifundisha kumlaza mbuzi bila kumtupa. Mkono mmoja chini ya ubavu, goti taratibu, halafu kiganja changu juu ya jicho lake. Kazi yangu ilikuwa hilo jicho. Mjomba alimsemesha kwa Kimwera, sauti ya chini, maneno ambayo mtu humwambia mtoto anayevuliwa mwiba. Halafu alilitaja jina la Mungu, akapitisha kisu mara moja. Mara moja tu. Kisha tulikaa. Wenye bucha walichukia zaidi kule kukaa kuliko turubai. Mjomba hakuruhusu mtu achune ngozi mpaka yeye mwenyewe aguse kope za mbuzi na zisitikisike.

"Muda unakwenda, daktari," walimwambia.

"Na yeye anakwenda," alisema. "Mwacheni afike."

Alikuwa na maneno mawili ambayo hakuyachanganya: kuchinja na kuua. Kuchinja ni pale kisu ni kikali, mnyama hajui, na watu wanakula. Likikosekana moja, alisema, umeua. Na nyama iliyotupwa ilimkasirisha sawasawa na kisu butu. "Mnyama akifa na asiliwe," alisema, "amekufa mara mbili."

Kuna wakati nilidhani dunia ndivyo ilivyo, kwamba kila mahali yupo mtu aliyetundika turubai.

Halafu mkono wake ulianza kutetemeka. Kwanza nilifikiri ni baridi ya asubuhi. Siku moja alimlaza mbuzi, akashika kisu, akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasimama na kumwachia mbuzi ainuke. Alimwambia mwenye bucha atafute mtu mwingine. Njiani alisema, "Mkono ukianza kuuliza, weka kisu chini." Hakwenda tena Namungo.

Aliugua kifua, akalala mkekani kwa Bibi msimu mzima wa kuvuna mbaazi. Karibu na mwisho aliniita na kunipa kile kitambaa, kisu ndani, kinoo juu yake.

"Kisu ni chako," alisema. "Neno si lako."

Nilielewa. Mimi nimebatizwa. Hata ningekuwa na mkono mwepesi kuliko wa kwake, ningepitisha kisu hiki kwenye shingo ya mbuzi na majirani zetu nusu wasingegusa nyama. Nilirithi ufundi ambao siwezi kuufanya. Nilimuuliza nifanye nini nacho.

"Kinoe. Atakayechinja, mpe."

Alipofariki, tulimzika siku ileile.

Nikarudi Namungo kushika, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, na pia kwa sababu nilifikiri nitalinda yale ya mjomba. Mchinjaji mpya alikuwa kijana wa hukohuko mgodini, mwenye nguvu na mcheshi, watu walimpenda. Siku ya kwanza aling'oa turubai akafunikia pikipiki yake.

Mbuzi waliletwa kutoka vijijini, wengi kutoka Mkotokuyana, wamefungwa miguu na kuning'inizwa kwenye bodaboda, vichwa chini, ndimi zimekauka kwa vumbi. Wakati wa mjomba mbuzi wa namna hiyo alipewa maji na kuachwa apumzike. Sasa alivutwa kutoka kwenye pikipiki moja kwa moja hadi kwenye saruji, miongoni mwa wenzake waliokwisha kukatwa, na wengine wakimtazama. Kisu kilitumika kukatia kamba, kufungulia viroba, kuchongea mishikaki, halafu kikarudi shingoni. Hakikukata. Kilikereza. Siku za mpira ilikuwa mbaya zaidi, maana umati ulitaka nyama choma kabla ya mechi, na ngozi ilichunwa miguu ikiwa bado inapiga.

Nilifunika jicho. Sikuwa na kingine cha kufanya.

"Dogo," aliniambia yule kijana, "unambembeleza mbuzi kama demu. Atakuachia namba?"

Wote walicheka. Nilijaribu kumwambia kuhusu kisu. Maneno yangu huwa yanachelewa, na yalipotoka yalikuwa madogo: "Kingenolewa."

"Kinakata."

"Kinachelewa."

"Mbuzi ana haraka ya kwenda wapi?"

Nilimwendea bwana mifugo, mtumishi aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, mtu mpole asiyekunywa hata soda ya bure. Alifika kila asubuhi nyama ikiwa tayari imetundikwa, akapasua ini, akatazama, akagonga mhuri. Nilimngoja hadi akabaki peke yake, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo sitalisahau. Kisha alisema, "Mdogo wangu, usemayo ni kweli, na tumefundishwa hivyo. Lakini niko peke yangu, na nina machinjio kuanzia hapa hadi kule. Nikifika, mimi naikuta nyama. Kilio kimeshapita." Aligonga mhuri wake wa mwisho, akawasha pikipiki. Sikuona ubaya wake. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mtu mbaya.

Nilijipa tumaini moja. Arobaini ya mjomba ilikuwa inakaribia, na beberu wake mwenyewe ndiye angechinjwa. Alikuwa beberu mweusi, pembe moja imejipinda, aliyezoea kulala mlangoni kwa mjomba, ua mmoja na Bibi, na kula maganda ya mihogo mkononi mwake. Nilijiambia kwamba huyu mmoja, huyu tu, ataondoka kama mjomba alivyowaondosha wengine. Nikishindwa kwa wale wa Namungo, kwa huyu sitashindwa. Niliwaza hilo kila nilipofunika jicho la mwingine.

Mzee ambaye angechinja, rafiki wa marehemu, alikuwa amelazwa hospitali Nachingwea mjini. Bibi akasema aitwe yule kijana wa Namungo, si ndiye aliyeshika nafasi ya mwanawe? Sikuwa na la kusema mbele ya Bibi. Yeye Kiswahili anakisema kidogo, kama anayetembea kwenye mawe, na mimi maneno kwangu ni machache kwa lugha zote. Tulizoea kuelewana bila kuongea.

Jioni ya kuamkia arobaini nilinoa kisu cha mjomba nyuma ya nyumba, mbali na beberu. Nilinoa mpaka kikanyoa nywele za mkono bila kuvuta. Asubuhi nilimpa beberu maji, akanywa. Nilimlaza nyuma ya boma la nyasi ambako hakuona sufuria wala watu. Alilala kirahisi. Alinizoea. Nikafungua kitambaa na kumpa mchinjaji kisu kwa mpini.

Alirudi nyuma.

"Hicho ni cha marehemu?"

"Ndiyo. Nimekinoa."

"Kisu cha marehemu mimi sishiki. Unataka anifuate?"

"Alisema nimpe atakayechinja."

"Alikwambia wewe. Mimi hajaniambia." Akatoa chake kiunoni. Kilikuwa kilekile cha viroba na kamba. "Shika mbuzi wako, dogo, watu wana njaa."

Nilipaswa kusema hapana. Nilikuwa nimepiga goti, kiganja juu ya jicho, kope zikinitekenya. Yeye alishalitaja jina la Mungu, vizuri, kwa sauti nzuri kabisa, na kisu kikaanza kwenda mbele na nyuma kama mtu anayekata kamba ya katani.

Beberu alikuwa na ngozi nene. Kijana aliachia miguu kidogo ili ashike kisu kwa mikono miwili, na mnyama akaruka. Alinipiga kifuani kwa pembe ile iliyopinda, akapita katikati yetu, akatoka nje ya boma na shingo yake wazi nusu. Alikimbia katikati ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele. Nyungo zilipinduka. Watoto walidhani ni mchezo wakashangilia, halafu wakaona damu. Alikimbilia mlangoni kwa mjomba. Mlango ulikuwa umefungwa tangu msiba. Akaugonga kwa kichwa, akageuka, akaenda mikoroshoni, akaanguka kwenye shimo tulilochimba udongo wa kukandikia nyumba.

Nilifika wa kwanza. Yule kijana alikuwa ameteleza kwenye mchele na alikuwa nyuma, anachechemea, anacheka kwa aibu huku akitukana. Beberu alikuwa amelala ubavu shimoni. Alipumua kupitia mahali ambapo hapakuwa pa kupumulia. Jicho lilikuwa wazi na lilinitazama.

"Usimguse!" walipiga kelele. "Mngoje mwenyewe! Usimguse!"

Walikuwa wanajua, na mimi nilikuwa najua. Akimaliziwa na mimi, ni kibudu, sawa na mnyama aliyejifia mwenyewe porini, na watu waliojaa uani hawatakula. Na mnyama akifa na asiliwe amekufa mara mbili. Yote hayo yalinipitia. Kisu cha mjomba kilikuwa mkononi, sijui kwa nini sikukiacha bomani. Nilifunika jicho kwa kiganja changu. Kope zikatikisika. Nikapitisha kisu mara moja.

Hakuna neno nililosema. Neno halikuwa langu. Nilikaa naye mpaka kope zikatulia, na nilipoinua kichwa, ukingo wa shimo ulikuwa umejaa miguu.

Mwalimu wa madrasa, ambaye amewafundisha nusu ya vijana wa kijiji, aliombwa aseme kama nyama inaliwa. Watu walitaka kula. Mmoja alidai kwamba kisu cha kwanza ndicho kinachohesabika, na kilishasomewa. Mwingine alisema hata mpwa, Mkristo, ni mtu wa Kitabu, na kichinjo cha watu wa Kitabu kinaliwa. Mwalimu alichuchumaa, akatazama shingo ya beberu kwa muda mrefu, majeraha mawili, moja la kuparaza na moja safi. Nadhani aliona kila kitu. Lakini alichoulizwa ni nyama tu, na akajibu juu ya nyama.

"Penye shaka, tuache," alisema.

"Mimi nilishasoma, nilishakata," alisema yule kijana, akiwa ameshika nyonga. "Huyu ndiye kaharibu."

Hakuna aliyeomba kuona kisu chake.

Baba alipendekeza kwa upole kwamba nyama ipelekwe kwa Wakristo, isipotee. Mama alimkatalia: hawezi kula arobaini ya kaka yake huku wenzake wanamtazama. Ikapikwa mbaazi. Kwenye jamvi nilimsikia mgeni akimnong'oneza mwenzake, "Arobaini ya mchinjaji, na watu tunakula mbaazi!" wakaziba midomo kuficha vicheko. Siwalaumu. Ilikuwa inachekesha.

Bibi alikuja niliponawa. Alisimama karibu yangu, mdogo, kanga yake imeshuka begani, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kunifanyia. Alitafuta maneno.

"Wewe hukuchinja," alisema. "Wewe umeua."

Basi. Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo mawili mwanawe alinifundisha, kwamba nayajua. Nilitaka kumuuliza alichofanya yule mwingine, kwa jina la Mungu na kisu cha viroba, kinaitwaje, maana kuchinja si hivyo na kuua si hivyo. Nimetafuta neno lake kwa Kiswahili na kwa Kimwera, sijalipata.

Nilimzika beberu peke yangu kwenye shimo lilelile. Mama alileta jembe la pili lakini hakulitumia, alisimama tu.

"Mjomba wako angekwambia ungoje," alisema.

Hilo ndilo linaloniamsha. Angesema hivyo? Yeye aliyezuia ngozi isichunwe mpaka kope zitulie, angesimama juu ya shimo akingoja kijana afike akichechemea, ili watu wale? Au angeshuka? Siku nyingine namwona anashuka. Siku nyingine namwona ameketi ukingoni, mkono wake unatetemeka, anasema nyama isipotee. Nikimwona hivyo siwezi kumkatalia, kwa sababu nyama ilipotea kweli, na maumivu hayakupungua. Nilimpunguzia pumzi chache. Zile nyingine zote alikuwa amekwisha kuzimaliza, za bomani, za uani na za mlangoni. Nilichelewa kama ninavyochelewa siku zote. Pale bomani, kabla kisu hakijagusa ngozi, neno moja lingetosha, na hilo lilikuwa langu.

Namungo hawanitaki tena. "Huyo anaua," wanasema, na vijana wengine hufanya ishara ya kukata hewa ninapopita. Mchinjaji yuko palepale, kisu ni kilekile. Nasikia sasa hakuna hata anayefunika macho.

Ninalima mbaazi kando ya barabara. Bodaboda zinapita asubuhi, mbuzi wananing'inia, na nimejifunza kuinama kwenye jembe zinapopita. Lakini sauti haihitaji uangalie.

Kwa muda niliendelea kunoa kisu kila jioni, kwa mazoea, pale nyuma ya nyumba. Kilikuwa kikizidi kuwa chembamba bila kukata chochote. Juzi Bibi alikuwa anamenya mihogo kwa kipande cha bati, vidole vinatoka damu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kitambaa. Nikampa. Alijaribu kwenye muhogo mmoja, ganda likatoka lote kwa mkupuo, akashtuka akakiweka chini. Macho yake hayaoni vizuri sasa.

"Kikali mno," alisema. "Kitanikata. Kifanye butu."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikakaa chini, nikaweka kinoo kati ya magoti, nikasimamisha kisu wima, makali yametazama jiwe, na nikaanza kuyaburuza juu yake. Lilitoa sauti mbaya. Chini ya mkorosho mbuzi wa jirani aligeuza masikio, akaacha kutafuna.

"Bado," alisema Bibi, akijaribu kwa kidole gumba. "Ongeza."

Nikaongeza.